Mkono wa Kushoto Umepumzika: Kwikishifta Kwenye Milima ya Bukavu

Gia ya pili, mafuta wazi, kidole cha mguu kinainua pedali, tak! Gia ya tatu, na pikipiki haijapumua hata kidogo! Haikushusha pua, haikusita, haikunivuta nyuma kisha ikanirusha mbele kama mbuzi aliyefungwa kamba. Iliendelea kuvuta, mlima mzima, na mimi ndani ya helmeti nikapiga kelele kama mtoto aliyeona mpira umeingia wavuni. Nimeendesha pikipiki Bukavu miaka mingi. Nimepanda Kadutu kwenye tope, nimeshuka Panzi kwenye vumbi la Julai, na sijawahi kuhisi kitu cha namna hii chini ya unyayo wangu.

Kitu chenyewe ni kwikishifta. Ukikitazama mezani hakitishi: kijiti cha chuma chenye kihisi ndani yake, kinachofungwa kwenye fimbo ya gia, na waya unaokwenda kwenye kisanduku kidogo kilichojificha chini ya kiti. Basi. Binamu yangu alikileta kutoka Bruxelles katikati ya nguo zake, amekiviringisha ndani ya soksi, na Jumamosi usiku tulikuwa tumemaliza kukifunga kwenye Yamaha MT-07 yangu. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, mtu wa Bukavu, mwenye pikipiki ya barabarani ya ukubwa wa kati, ana sababu ya kutoa dola zake kwa kijiti hiki? Jibu sitalificha hadi mwisho. Anayo! Na sababu yake si ile wanayoitaja watu wa mbio.

Jumapili nilitoka Nguba kabla mji haujaamka. Avenue Lumumba ikiwa tupu ni barabara nyingine kabisa. Hakuna magari ya abiria yaliyosimama katikati, hakuna mikokoteni, hakuna mtu anayevuka na godoro kichwani. Nilipita Nyawera, nikapita Place de l'Indépendance, nikateremka kuelekea Brasserie ambako ziwa linakaribia barabara, na pale ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu kutoka pale hadi Kavumu barabara inapanda. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, uwanja wa ndege wa Kavumu uko zaidi ya mita 1,700. Hesabu hiyo inalipwa kwenye kona na vilima vya njia yote ya kwenda Mudaka na Miti, na kila kilima kinadai gia yake. Pili, tatu, nne, rudi tatu, nne tena. Nilikuwa nimejiandaa kufurahia. Sikuwa nimejiandaa kwa wimbo wa ile injini! Silinda zake mbili haziwaki kwa kupishana sawasawa, kwa sababu mhimili wake umepindwa nyuzi 270, na kwa hiyo ina mlio wa kudunda, kama ngoma yenye pigo moja refu na moja fupi. Kwa kawaida kila ukibadili gia ile ngoma inanyamaza, inasubiri, inaanza upya. Siku hiyo haikunyamaza. Ilikohoa mara moja fupi na kuendelea kupanda kwa sauti mpya. Kulia ukungu ulikuwa unatoka juu ya maji, kushoto mlima Kahuzi umesimama na mita zake 3,308, na mimi nabadili gia hata pale nisipohitaji, ili tu nisikie tena.

Sasa tuingie ndani ya giaboksi, maana ukielewa kinachotokea mle utaipenda zaidi.

Gia za pikipiki hazitoki na kuingiana kama wengi wanavyodhani. Meno yake makubwa yameshikana muda wote. Kinachosogea ni magurudumu fulani yenye vijino vya ubavuni, vinavyoingia kwenye matundu ya jirani yake na kumfunga ili azunguke pamoja na mhimili. Injini inapovuta kwa nguvu, vile vijino vinabanwa kiasi kwamba huwezi kuvichomoa kwa mguu. Ndiyo maana tunavuta klachi, au ambrayaji kama tunavyoiita hapa kwetu: tunaondoa mzigo, vijino vinalegea, gia inatoka, nyingine inaingia. Kwikishifta inaondoa mzigo huo kwa njia nyingine. Kihisi kinasikia mguu unaanza kusukuma, kisanduku kinazima cheche ya buji kwa milisekunde kama 60 au 80, vijino vinalegea kwa huo muda tu, gia inapita, cheche inarudi. Kufumba na kufumbua jicho mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko huo. Mkono wa kulia unabaki umefungua mafuta, na wa kushoto unabaki umeshika usukani kwa vidole vyote vitano.

Hivyo vidole vitano ndivyo vilivyonifanya nipende. Watu wa Ulaya wakiandika juu ya kifaa hiki wanazungumzia sehemu za sekunde kwenye uwanja wa mbio, na kweli huko ndiko mbinu ilikotoka kabla ya kufika barabarani; BMW waliuza HP2 Sport mwaka 2008 ikiwa nayo tangu kiwandani, na ilionekana kama kitu cha wendawazimu wa kasi. Lakini mimi sishindani na mtu. Mimi napanda mlima wenye mashimo, na shimo la Bukavu haliulizi kama mkono wako wa kushoto uko kwenye klachi au la. Lilinikuta hivyo mara nyingi. Gurudumu la mbele linaingia wakati vidole vinne vimenyooka kuvuta ule wenzo, usukani umebaki na kidole gumba tu upande mmoja, na pikipiki ya kilo 184 inaamua yenyewe iende wapi. Jumapili ile, karibu na Mudaka, nilikutana na shimo kamili katikati ya kubadili gia ya tatu kwenda ya nne, nikiwa nimeinama kwenye kona. Usukani ulitikisika, mikono yote miwili ikaukamata, gia ikaingia, nikapita. Nilipofika Miti nilisimama kando ya barabara nikashuka, nikatembea hatua chache, maana moyo ulikuwa unadunda kwa furaha.

Na kuna hili la hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda juu ya usawa wa bahari. MT-07 yenye injini ya cc 689 imeandikwa nguvu za farasi 73; kwetu, kwenye mita 1,500, zinabaki kama 62. Bado ni nyingi, usinielewe vibaya! Lakini pikipiki iliyopungukiwa pumzi inaadhibiwa zaidi kila unapoikatiza mlimani. Unavuta klachi, unafunga mafuta, mlima unakula mwendo wako, unaachia klachi na injini inakuta mizunguko imeshuka kuliko ulivyotaka. Mwenye pikipiki ya cc 125 anaijua adhabu hii kuliko mtu yeyote: anabadili kwenda gia ya tatu, mlima unamrudisha ya pili. Kwikishifta haiongezi farasi hata mmoja. Inakuachia tu wale uliobaki nao, wote, bila kukatizwa. Kwa mji uliojengwa juu ya vilima kama huu, hiyo ni zawadi kubwa kuliko ilivyo kwa mtu wa tambarare.

Saa nne nilikuwa nimerudi Nyawera, na hapo nikapata somo ambalo sikulitegemea.

Kijiwe cha mamotari, madereva wa taksi-moto, kilikuwa kimejaa, wengi wao na TVS na Boxer zao, wakisubiri watu watoke misa. Mzee mmoja, mwenye jaketi la mvua lililopauka mabegani, alikuwa ameniona asubuhi nikipita na akaniona tena nikirudi. Aliinama akakitazama kijiti kwenye fimbo ya gia. Nikamweleza: unainua pedali bila klachi, bila kufunga mafuta. Akanitazama kwa upole.

«Mdogo wangu, klachi mimi naitumia kwa kuondoka tu.»

Na ni kweli! Nimepanda nyuma ya mamotari wetu maisha yangu yote na sikuwa nimeitilia maanani mikono yao. Waya wa klachi hukatika, sahani za klachi huisha, vyote hugharimu, na mtu anayebadili gia mara mamia kwa siku kati ya Kadutu na Panzi hujifunza njia ya kuvihifadhi. Mguu unaibana pedali kidogo kwanza, kiganja kinarudisha mafuta kwa kipimo cha unyoya, gia inaingia yenyewe, mafuta yanarudi. Hakuna kompyuta, hakuna kihisi. Kile ambacho wahandisi wamekitia kwenye kisanduku, mzee yule anacho kwenye kifundo cha mguu. Nikamwomba apande nyuma yangu, aje ahukumu.

Tukapanda kuelekea Kadutu tukiwa wawili. Kila aliyewahi kubebwa kwenye taksi-moto hapa Bukavu anajua ule mgongano: dereva anabadili gia, mwendo unakatika, kichwa cha abiria kinaenda mbele, helmeti inagonga helmeti, kisha mwendo unarudi na shingo inarudi nyuma. Mara tatu, mara nne, mlima mzima. Nilibadili ya kwanza hadi ya pili, nikasubiri mgongo wangu uguswe. Haukuguswa. Ya tatu, haukuguswa. Nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ya mshangao, ile ya kuvuta hewa kwa meno. Tuliposimama juu alibaki amekaa kidogo kabla ya kushuka.

«Inafanya vile mimi nafanya,» akasema, «lakini hii haichoki jioni.»

Nimesoma maelezo mengi ya kifaa hiki, ya lugha mbili tatu. Hakuna yaliyoifikia sentensi hiyo.

Kwa sababu nakipenda, lazima niseme kinapokataa. Mwendo wa polepole si wake. Chini ya mizunguko 3,000 hivi, ukiwa gia ya kwanza kwenda ya pili katikati ya msongamano, kinagonga. Kile kipigo unakisikia kwenye mnyororo na kwenye kiti, na hakipendezi. Pale tumia klachi kama ulivyofundishwa, hakuna aibu yoyote. Nyumba yake ni kuanzia mizunguko 4,000 kwenda juu, mafuta yamefunguliwa vizuri, na mguu unaoamua. Mguu wa woga ndio adui. Ukiinua pedali nusunusu, vijino vinakwaruzana bila kuingia, unaangukia kwenye frii ya uongo kati ya gia mbili na injini inapiga mayowe. Ilinitokea mara moja, ya nne kwenda ya tano, na tangu hapo nainua pedali hadi mwisho wake na kuishikilia kidogo. Watu huuliza kama kinaua giaboksi. Kinachoua giaboksi ni ile nusunusu, kwa klachi au bila klachi, maana ndiyo inayoviringa ncha za vile vijino hadi gia ianze kuruka yenyewe. Gia iliyoingizwa mara moja, kwa uhakika, mzigo ukiwa umeondolewa, haina ugomvi na chuma.

Na upange vipimo! Tulianza na milisekunde 60 kwa gia zote na ya pili kwenda ya tatu ikawa na mtikisiko. Tukaongeza hadi 75 kwa gia za chini, tukaacha 60 kwa zile za juu, na pikipiki ikawa siagi. Kazi yote ilifanyika kwenye simu, tumekaa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa. Kagua pia viungo vya fimbo ya gia kabla ya kufunga chochote. Kama vimelegea kwa umri, kihisi kitasikia tope na mashimo badala ya kusikia mguu wako. Mnyororo uliolegea nao utafanya kila gia ionekane mbaya, kisha utalaumu kifaa kisicho na kosa.

Kushuka ni habari nyingine, na hapa nataka msomaji anisikilize vizuri kabla hajatoa dola. Kisanduku cha kuongeza, kwenye pikipiki ambayo mafuta yake yanafunguliwa na waya wa chuma kama MT-07 yangu, kwa kawaida kinafanya kazi upande mmoja tu: kupanda gia. Ili gia ishuke bila klachi, injini inapaswa kuongeza mizunguko yenyewe kwa mpigo mfupi, na hilo kwa kawaida linahitaji mlango wa hewa unaofunguliwa na kompyuta. MT-07 zilipata mlango wa namna hiyo kuanzia toleo la 2025. Za kabla ya hapo, mteremko ni wa mkono na kiganja kama zamani. Kwetu si jambo dogo. Mto Ruzizi unatoka ziwa hili hadi Tanganyika ukishuka karibu mita 700, na barabara ya kwenda Uvira inashuka nao. Anayeijua miteremko ya Ngomo, ile njia nyembamba ya udongo yenye ukuta wa mlima upande mmoja na utupu upande wa pili, anajua kwa nini wasafiri wengi huvuka Rwanda na kupita Bugarama. Pale ningeitamani kwikishifta ya pande mbili kwa roho yangu yote, mikono miwili kwenye usukani na injini inashika mwendo gia kwa gia. Siku nitakapoipata nitapanda hadi Nyangezi na kuanza kushuka polepole, na nitaandika tena.

Wanaonunua pikipiki mpya wana bahati, maana kitu hiki kimeshuka kutoka kwa matajiri. Linalonisisimua zaidi ni hili: TVS, jina lile lile lililoandikwa kwenye tenki za taksi-moto zetu, walitoa Apache RTR 310 mnamo Septemba 2023 ikiwa na injini ya cc 312, farasi 35 na nusu, na kwikishifta ya pande zote mbili kama nyongeza ya kiwandani. Wakati wa uzinduzi, India, tofauti kati ya pikipiki isiyo nayo na iliyo nayo ilikuwa rupia 15,000. Chini ya dola 200! KTM nao wanaiweka kwenye 390 Duke, inayoundwa India na Bajaj, watengenezaji wa Boxer. Yaani kampuni mbili zinazowalisha mamotari wa Bukavu tayari zinaijua kazi hii. Honda wamekwenda njia nyingine, wakaleta klachi inayojivuta yenyewe kwenye CB650R ya 2024. Ni ya ajabu, ningependa kuigusa, ila siyo kitu cha kuongeza kwenye pikipiki uliyo nayo tayari.

Cha kuongeza, vile visanduku vya HealTech wa Hungaria au Translogic wa Uingereza na wenzao, hesabu dola 200 hadi 400 kabla ya gharama za usafiri na mpakani. Kama tairi zako zimelika, nunua tairi. Kama breki za mbele zinalia, nunua breki, na mnyororo baada yake. Ukishamaliza hayo, na dola bado zipo, na njia yako ya kila siku inapanda, usinunue bomba la moshi la kelele wala taa za rangi. Nunua hiki! Hakikisha tu umeagiza kihisi cha upande sahihi, kwa kuwa baadhi husikia fimbo inaposukumwa na vingine inapovutwa, na ukikosea utakaa na kijiti kisichosikia kitu huku mwenye kukibadilisha yuko ng'ambo ya bahari.

Mzee aliniuliza bei kabla hatujaachana. Nikamtajia. Hakusema ni ghali wala ni rahisi. Alihesabu kitu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, akavaa helmeti yake. Mama mmoja aliyetoka kanisani alikuwa amekwisha kupanda nyuma ya 125 yake, ameshika mfuko wa ndizi mapajani. Walianza kupanda upande wa Kadutu. Nilizima injini yangu ili nisikilize. Pili, tatu, kisha kwenye mkunjo mkali kabisa, nne. Kila moja iliingia safi, tak, bila pengo, na kichwa cha yule mama hakikusogea.